Kuchagua hedifoni za studio za nusu wazi kwa hela ya kawaida: mwongozo kwa wanaomiksi nyumbani Arusha na Moshi

Hela ya kwanza ya studio ya nyumbani isiende kwenye spika. Nasema hivi nikijua kwamba chalii anayetengeneza biti Sombetini au Sakina, na kijana wa kwaya kule Majengo, Moshi, aliyekabidhiwa kazi ya kurekodi nyimbo za usharika, wameshaambiwa kinyume chake: tafuta spika kubwa, ongeza sabufa, ndipo usikie muziki. Kwa vyumba ambavyo wengi wetu tunafanyia kazi, ushauri huo unamaliza fedha bila kuleta miksi nzuri.

Chukua chumba cha kawaida cha bloku, mita tatu kwa tatu, sakafu ya saruji, juu bati. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita tatu, sauti ya hezi 57 hivi (mitikisiko 57 kwa sekunde) huenda na kurudi ikijiongeza yenyewe hadi inavimba, na ya hezi 114 nayo hufanya vivyo hivyo. Hapo hapo ndipo kiki (ngoma kubwa ya chini) na gitaa la besi hukaa. Ukikaa karibu na ukuta unasikia besi nyingi kuliko iliyomo kwenye wimbo, ukisogea katikati ya chumba ile ya hezi 57 inakaribia kupotea. Unafanya kazi usiku kucha ukiongeza na kupunguza kitu ambacho ni ukuta, si wimbo. Kukitibu chumba hicho ipasavyo kunahitaji sufi nene za kunasa besi kwenye kona, na gharama yake inaweza kuzidi ya spika zenyewe.

Hedifoni zinakiondoa chumba. Ndiyo sababu naziweka mbele. Na kati ya aina tatu zilizopo, za nusu wazi ndizo zinazompa mtu wa kipato cha kawaida ukweli mwingi zaidi kwa shilingi anayotoa.

Tofauti iko mgongoni mwa kikombe. Ndani ya kila kikombe kuna spika ndogo inayosukuma hewa mbele, kuelekea sikio, na nyuma pia. Hedifoni za kufungwa huifungia hewa ya nyuma: kelele za nje zinapungua, muziki wako hauvuji, lakini hewa ile iliyobanwa hugonga plastiki ya kikombe na kurudi sikioni, na besi huelekea kuonekana nene kuliko ilivyo. Za wazi huiachia hewa yote itoke kwenye wavu: sauti inakuwa pana na nyepesi, ila besi ya chini kabisa hupungua na jirani anasikia wimbo wako wote. Za nusu wazi zina matundu yaliyopimwa, hewa kiasi inatoka na kiasi inabaki. Unapata sehemu ya upana wa zile za wazi na sehemu ya uzito wa zile za kufungwa. Masikio hayachoki upesi, na kwa anayemiksi saa tatu mfululizo hilo ni jambo kubwa.

Hatua ya 1: Sikiliza kelele za mahali unapofanyia kazi

Kabla ya kutaja jina la hedifoni yoyote, kaa kimya kwenye chumba chako kwa dakika chache, saa ile ile ambayo huwa unafanya kazi. Hedifoni za nusu wazi hazizuii kelele kwa kiasi cha kutegemea. Vifodi vinavyopiga honi kuelekea Kilombero, fundi anayechomelea mageti, mashine ya kusaga, grosari iliyofungulia spika tangu jioni, mkesha wa jirani, vyote vitaingia sikioni pamoja na wimbo. Kelele za chini, kama mngurumo wa jenereta au lori, ndizo zinazoingia kirahisi zaidi, na ndizo zinazofunika besi unayojaribu kuipima.

Kama unakaa Njiro au Kiboriloni mahali palipotulia, au kama unaweza kufanya kazi alfajiri, endelea bila wasiwasi. Kama chumba chako kiko juu ya barabara na huna saa nyingine, nunua za kufungwa na usisikilize maneno ya mtu. Hedifoni bora zilizofunikwa na kelele zinashindwa na za wastani zilizo kimya. Pia fikiria masika, kuanzia Machi hadi Mei: mvua ikigonga bati hakuna hedifoni ya nusu wazi itakayokuokoa, hiyo ni saa ya kupanga mafaili na kuhariri maneno.

Fikiria na wanaokuzunguka. Muziki unavuja. Ukilala chumba kimoja na mdogo wako anayejiandaa na mtihani, atasikia hi-hati zako zote, vile visahani vya ngoma vinavyolia "ts ts".

Hatua ya 2: Usitegemee hedifoni moja kwa kurekodi na kumiksi

Hili linawagharimu hasa wanaorekodi kwaya na waimbaji wa nyumbani. Mwimbaji akivaa hedifoni za nusu wazi mbele ya maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, maiki inanasa biti inayovuja kutoka masikioni mwake, na zaidi ya yote mlio wa kuhesabia, ule wa "tik tik". Mlio huo ukishaingia kwenye sauti yake hautoki kirahisi. Utausikia kwenye nafasi za kimya, pale anapovuta pumzi, na ukiongeza kompresa, kifaa kinachosogeza sauti ndogo karibu na kubwa, ndiyo unapanda zaidi.

Kwa mwimbaji tafuta hedifoni za kufungwa za bei ya chini kabisa, hata kama sauti yake si ya kusifika. Kazi yake pale ni kumsikilizisha biti na kuiziba isivuje. Za nusu wazi zibaki kwako, mezani. Ikiwa bajeti hairuhusu mbili kwa sasa, mwambie mwimbaji avae, shusha biti hadi kiwango cha chini anachoweza kufuata, na uondoe ule mlio wa kuhesabia, abaki na ngoma peke yake.

Hatua ya 3: Angalia utachomeka wapi

Dukani utaambiwa kwamba omu nyingi, yaani ukinzani mkubwa wa umeme, maana yake hedifoni ngumu kuendesha, na omu chache maana yake yoyote itaiweza. Ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni desibeli, yaani ukubwa wa sauti, ambazo hedifoni inatoa ikipewa miliwati moja, nayo huandikwa kwenye boksi pembeni ya omu. Soma namba zote mbili pamoja.

AKG K240 Studio ina omu 55 na hutoa desibeli 91 kwa miliwati moja. Superlux HD668B ina omu 56, karibu sawa kabisa, lakini hutoa desibeli 98. Beyerdynamic DT 880 Pro ina omu 250 na hutoa desibeli 96. Sasa zipe zote umeme wa volti moja. K240 itafika desibeli 104 hivi, HD668B itafika karibu 110, na ile ya omu 250 inayotisha watu itafika kama 102. Kwa maneno mengine, K240 yenye omu 55 inahitaji volti karibu sawa na DT 880 yenye omu 250, ingawa kwa mkondo ndiyo inayokula zaidi. Na ukiiweka K240 pembeni ya HD668B kwenye simu moja, ya AKG itasikika kwa sauti ndogo zaidi. Mtu asiyejua atasema ni mbovu, kumbe ni namba tu.

Kwa mwenye simu ina maana gani? Adapta nyingi ndogo za kuchomeka kwenye tundu la chaji hutoa kati ya nusu volti na volti moja. Kwa nusu volti, K240 itafika desibeli 98 kwenye kilele. Wimbo uliokwisha kutoka, ambao umeshapandishwa sauti, utasikika vizuri. Lakini miksi yako ambayo bado haijapandishwa, ambayo wastani wake uko desibeli 20 chini ya kilele, itakuwa kwenye 78 tu. Inatosha kwa chumba kilichotulia, haitoshi kama nje kuna kelele. Ukiwa na kadi ya sauti ya nje, hata ya bei nafuu ya kuchomeka USB, kwa kawaida huna la kuhofia kwa HD668B wala K240. Kwa DT 880 ya omu 250, ijaribu kwanza na kadi yako mwenyewe.

Kuna mtego mwingine kwa wanaopenda amplifaya za mitumba. Nyingi za zamani zina tundu la hedifoni lililopitishwa kwenye rezista za omu mamia. Sauti inatosha kabisa, hata inazidi, lakini besi inalegea na kuvimba kwa sababu ukinzani wa hedifoni nyingi hupanda kwenye besi na rezista ile inaufanya upandaji huo usikike. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa omu 55, ni kama omu 7. Kwa omu 32, ni 4. Kusikilizia burudani sawa, kumiksia hapana.

Hatua ya 4: Chagua kati ya chache zinazojulikana tabia yake

Soko limejaa, ila za nusu wazi zenye bei ya kufikika hazizidi vidole vya mkono, na hilo ni jema, kwa sababu tabia zake zinajulikana.

Superlux ni kampuni ya Taiwan, na HD668B na HD681 zake ndizo mlango wa kuingilia kwa bei ya chini. HD668B ina undani wa kushangaza kwa bei yake. Unasikia mwangwi unavyoisha, unasikia mahali ulipokata sauti vibaya. Dosari yake iko juu: "s" na hi-hati zinachoma, na mtu akisikiliza kwa sauti kubwa atavua mapema. Ina waya wa kuchomoa, na hilo nalipa uzito, maana waya ndio unaokufa kwanza. HD681 ina omu 32, besi yake imejaa zaidi, trebo nayo kali, na waya wake umefungwa moja kwa moja. Samson SR850 ya Marekani ni ya ukoo huo huo kwa umbo na kwa sauti, nayo omu 32. Ukiikuta kwa bei nafuu kuliko HD681, chukua bila kusita.

AKG K240 Studio ndiyo ningemshauri mwenye uwezo wa kujipanga miezi michache zaidi. AKG ilianzishwa Vienna mwaka 1947, na familia ya K240 imekuwa kwenye studio na vituo vya redio tangu miaka ya 1970. Tangu 2017 kampuni mama, Harman, iko chini ya Samsung, na hizi zinazouzwa mpya zinaundwa China. Usidanganywe kwamba ya China ni feki na ya Austria ndiyo halali. Ni nyepesi, gramu 240 bila waya, ina utepe wa kichwani unaojirekebisha wenyewe, na waya wa mita tatu unaochomoka kwa jeki ndogo yenye pini tatu. Sauti za watu na magitaa ndipo inapong'aa. Kwa anayemiksi kwaya, sijaona ya bei hii inayoonyesha wazi hivi pale ambapo alto na tenori wanagongana. Besi ya chini kabisa, chini ya hezi 60 hivi, inafifia, na ile ya juu yake imejaa kidogo. Kumbuka jambo hili, nitalirudia kwenye kumiksi.

Kuna K240 MKII pia. Nayo ni omu 55, huja na waya wa ziada na sponji za mahameli. Kama tofauti ya bei ni ndogo, sponji hizo zinafaa kwa joto la Moshi la Januari na Februari. Kama ni kubwa, chukua Studio.

DT 880 Pro ni ya ngazi ya juu zaidi kwa bei na kwa sauti. Beyerdynamic wako Heilbronn, Ujerumani, kampuni imeanza mwaka 1924, na vipuri vyake karibu vyote hubadilishika: sponji, utepe, hata spika za ndani. Naitaja kwa sababu ukiipata iliyotumika kwa bei ya kueleweka itakaa nawe miaka mingi. Ila kama ndiyo unaanza, tofauti ya fedha iende kwenye kadi ya sauti na maiki.

Hatua ya 5: Dukani, na kununua kwa mbali

Kwenye maduka ya elektroniki ya katikati ya mji, iwe Arusha au Moshi, utakuta vitu vingi vimeandikwa AKG. Vingi vyake ni zile za kuchomeka sikioni. Samsung walianza kuziweka kwenye boksi za Galaxy S8 mwaka 2017, na tangu hapo nakala zimetapakaa kila kibanda cha chaja. Hizo hazihusiani na tunachokitafuta, hata kama mwenye duka ataapa. Wewe taja namba: K240 Studio, HD668B, SR850.

Omba kusikiliza. "Kaka, naomba nizisikilize kwa simu yangu kabla sijalipa" ni ombi la kawaida, na muuzaji mwenye bidhaa halali hana sababu ya kukataa. Nenda umejiandaa. Kwenye simu weka nyimbo unazozijua mstari kwa mstari, ziwe faili kamili za WAV au FLAC, au angalau MP3 ya kbps 320. Wimbo uliobanwa sana hadi kuwa faili dogo umeshakatwa trebo, hauwezi kuhukumu kitu.

Anza na sauti ya mtu mmoja anayeongea, iliyorekodiwa mono, yaani sauti ile ile kushoto na kulia. Inapaswa kusimama katikati ya paji la uso. Ikiegemea upande mmoja, geuza hedifoni, kushoto iwe kulia. Ikihamia upande wa pili, kosa liko kwenye hedifoni au kwenye simu, jaribu na simu nyingine. Ikibaki pale pale, ni sikio lako. Ikiwa sauti haina mahali, imetawanyika na besi imekauka, upande mmoja umeunganishwa kinyume, zirudishe.

Kisha fungua programu yoyote ya bure ya kutoa mlio, shusha sauti, na uupandishe polepole kutoka hezi 20 hadi 200. Unasikilizia mkwaruzo. Unywele mmoja ulioangukia juu ya spika ya ndani hufanya mlio kama wa nyuki kwenye hezi 40 au 50, na huwezi kuugundua kwenye muziki wa kawaida hadi umefika nyumbani. Wakati mlio unaendelea, tikisa waya karibu na jeki na karibu na kikombe. Sauti isikatike.

Mwisho zivae dakika kumi ukiwa kimya. Kama unavaa miwani, ivae pia, kwa sababu mkono wa miwani huacha upenyo kwenye sponji na besi hutorokea hapo.

Za mtumba zina mitego yake. K240 za zamani kama Monitor na DF zina omu 600, na kwa mbali zinafanana na Studio. Ni hedifoni nzuri sana, lakini kwa simu au kadi ndogo zitanong'ona tu. Soma maandishi kwenye kikombe kabla ya kufungua pochi. DT 880 nayo imetoka kwa omu 32, 250 na 600.

Duka la mji likikosa, wengi huagiza Kariakoo na mzigo hupanda basi la usiku au la alfajiri hadi stendi. Mwombe muuzaji akutumie video akizichomeka na kuzitikisa waya, pamoja na picha ya boksi upande wa namba. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na mkubaliane kwa maandishi siku ngapi unaruhusiwa kurudisha. Wa Arusha huwa wanafikiria Namanga, wa Moshi Holili, kwa sababu Kenya kuna maduka mengi ya vifaa vya muziki. Ni sawa, ila piga hesabu pamoja na ushuru, VAT ya asilimia 18 na nauli, na ukumbuke kwamba waranti itabaki upande wa pili wa mpaka.

Hatua ya 6: Zisikilize wiki kadhaa kabla ya kuzimiksia

Hakuna hedifoni inayosema kweli tupu. Kila moja ina pale inapoongeza na pale inapoficha, na kazi yako ni kuzijua sehemu hizo hadi uzisahihishe bila kufikiri. Hapa ndipo watu wengi hukimbia hatua, na ndipo hela yao inapopotelea. Mtu anayeijua HD668B yake vizuri atatoa miksi bora kuliko mwenye DT 880 aliyoinunua jana.

Kanuni yenyewe ni hii: miksi hutoka kinyume cha hedifoni. Hedifoni yenye trebo kali itakufanya uipunguze trebo, na wimbo wako ukichezwa kwingine utakuwa umefubaa, kama umefunikwa blanketi. Hedifoni inayoficha besi ya chini itakufanya uiongeze, na siku wimbo ukipigwa kwenye kifodi chenye sabufa chini ya kiti, vioo vitatetemeka na maneno hayatasikika.

Kwa hiyo chagua nyimbo tano au sita zilizomiksiwa vizuri, za aina unayotengeneza: hip-hop ya hapa nyumbani, bongo fleva, kwaya, gitaa na sauti peke yake. Zisikilize kwenye hedifoni mpya, kisha kwenye redio ya nyumbani, kisha kwenye gari, kisha kwenye simu. Andika kwenye daftari. "Kiki ya wimbo huu kwenye hedifoni ni ndogo, kwenye gari ni kubwa." Baada ya muda daftari hilo litakuwa na thamani kuliko boksi lenyewe.

Ipo njia ya kupunguza dosari kwa ikwaliza, chombo cha kuongeza na kupunguza sehemu za sauti kama besi na trebo. Mradi wa bure uitwao AutoEq una vipimo na marekebisho yaliyokwisha kuandaliwa kwa hedifoni nyingi, K240 Studio na HD668B zikiwemo. Kwenye Windows unayaweka kwa programu ya bure ya Equalizer APO. Kwa HD668B hasa napendekeza sana, ule ukali wa juu unatulia na hedifoni inakuwa nyingine. Tahadhari moja: Equalizer APO haigusi sauti inayopita kwenye ASIO, njia ya moja kwa moja kati ya programu na kadi ya sauti, na programu nyingi za kurekodi hutumia hiyo. Ikiwa ndivyo, weka ikwaliza mwishoni kabisa mwa chaneli kuu ndani ya programu yako, na uizime kabla ya kutoa wimbo. Ukiisahau, umewapa wasikilizaji wote marekebisho ya hedifoni ambayo hawana.

Hatua ya 7: Kumiksi penyewe

Shusha sauti. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupokea besi na trebo kwa namna tofauti kadiri sauti inavyopanda: kwa sauti ndogo besi hupungua kuliko sauti za kati, kwa sauti kubwa hujaa. Ukimiksi kwa sauti kubwa kila kitu kinapendeza, na kesho yake kwa sauti ya kawaida besi imepotea. Chagua kiwango kimoja cha wastani, tia alama kwenye kitufe cha kadi ya sauti, na ufanyie kazi hapo muda wote.

Kuna sababu nyingine nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja. Hedifoni za nusu wazi zina kishawishi chake, kwa sababu kelele za nje zinaingia na mkono unakwenda kwenye kitufe. Nje pakichafuka, acha kazi. Usishindane na barabara. Masikio yakishaanza kulia "nziii" usiku, hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa, na wewe ndiyo kazi yako.

Kwenye besi, usiamini hedifoni peke yake. Uzi mnene wa gitaa la besi, ile E ya chini, uko hezi 41. Besi ndefu ya elektroniki kwenye biti nyingi za sasa iko kati ya 40 na 55. Hayo yote yako pale ambapo K240 inafifia. Fungua kioo cha kuonyesha masafa kwenye programu yako, weka wimbo wa mfano pembeni, ushushe sauti yake hadi ulingane na miksi yako, halafu linganisha urefu wa vilima vyao upande wa kushoto, ambako besi hukaa. Macho yakusaidie pale sikio halifiki. Na ili besi isikike hata kwenye simu, iongezee ukwaruzo kidogo uzaliwe mlio wa juu yake, hezi 80 na 120. Sikio la msikilizaji litajaza ile ya chini lenyewe.

Upana nao unadanganya. Kwenye spika, sikio la kulia husikia kidogo na ile ya kushoto. Kwenye hedifoni kila sikio linapata upande wake tu, kwa hiyo gitaa ulilolisukuma kushoto kabisa linakaa nje ya kichwa, zuri ajabu, na kwenye spika za ukumbi linasogea ndani na kugongana na sauti ya mwimbaji. Bonyeza mono mara kwa mara. Kitu kikipotea kwenye mono, kipange upya, kwa kuwa spika nyingi zitakazoupiga wimbo wako mtaani, kuanzia simu hadi kipaza sauti cha kanisani, ni mono au karibu na mono.

Mwangwi pia husikika kirahisi kwenye hedifoni, hivyo watu huweka mchache mno. Kwa kwaya ongeza kidogo kuliko unavyodhani, kisha hakikisha kwenye spika ya nje.

Utunzaji

Vumbi la kiangazi la Arusha ni jembamba na linapita kwenye matundu ya kikombe. Usiache hedifoni mezani zikitazama juu. Zifunike kwa kitambaa safi au zirudishe kwenye mfuko wake, na ndani ya vikombe ile duara ya sponji nyembamba inayolinda spika isitolewe. Usipulizie kwa mdomo, mate yanaingia. Brashi laini inatosha.

Waya usiuzungushe kwa kuubana kwenye vikombe. Ukiwa na K240, chomoa upande wa kikombe kwanza kwa kubonyeza kitufe chake, usivute. Tafuta waya wa akiba mapema, wakati ule wa kwanza ungali mzima.

Sponji za ngozi bandia hukauka na kupasuka, na jasho huziharakisha. Zikianza kubanduka badilisha zote mbili siku moja, maana sponji mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hubana masikio kwa namna tofauti, besi ya upande mmoja inazidi, na sauti ya mwimbaji uliyoiweka katikati itaanza kuegemea.